Tupeane uzoefu: umewahi kufanya kazi ofisi yenye jina baya mtaani?

Kijana wa Kimara: Wakuu, jana kwenye mwendokasi nimemwona dada kavaa sweta juu ya fulana ya ofisini kwao. Saa nane mchana, jasho linamchuruzika. Nilimwelewa bila kumuuliza, maana na mimi niliwahi kuwa na fulana ya kufichwa. Mliopitia huko, jina likishachafuka kazi mlikuwa mnaifanyaje?

Mzee wa Hesabu: Kwa kuangalia saa.

Binti Ruvu: Hahaha, saa kumi na dakika hamsini begi liko begani.

Afisa Mstaafu: Umenitonesha. Nilikuwa afisa mikopo, hizi mnazoziita kausha damu. Mwanzoni tulikuwa moto kweli, saa nne asubuhi marejesho yote yako mezani, wateja wenyewe wanatuletea wenzao. Akaja meneja mpya na habari za kubeba vitu vya wadaiwa. Tukatumwa Mbagala kwa mama mmoja muuza barafu za ubuyu, kabakiza laki moja na themanini. Hakulia wala hakugomba. Akasema, "Subirini kidogo wanangu." Akaleta beseni, akatoa barafu moja moja, akaifuta friza ndani kwa kitambaa, akachomoa waya na kuukunja vizuri. Watoto wa shule wako mlangoni wameshika mia mia zao. Tukaibeba.

Toka siku ile mtaa mzima ukatujua. Wateja waliokuwa wanalipa vizuri ndio waliotangulia kutukimbia. Mimi mwenyewe kazi ikanitoka mwilini. Nasaini asubuhi, nakwenda kukaa kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe, najaza fomu: "mteja hakupatikana", mara nane. Siku ya tatu akatokea mwenzangu. Wiki haijaisha tuko watano pale, tunacheza drafti, pikipiki za ofisi zimepangwa mstari. Mwisho wa mwezi meneja anapiga meza kwamba tumekuwa wavivu. Tunatazamana tu.

Mama Pili: Beseni... Dah.

Wakili wa Kijiweni: Mkuu, riba yenu ilikuwa ngapi? Maana kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, Benki Kuu (BoT) hairuhusu kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi.

Afisa Mstaafu: Usiniulize.

Chuma Hakikatiki: Acheni unafiki, dawa ya deni kulipa. Ofisi yangu inatukanwa kila kona, lakini tarehe 25 mshahara umeingia na kazi nachapa. Hilo jina zuri litanilipia ada?

Binti Ruvu: Unachapa kazi humu jukwaani, saa tano asubuhi?

Chuma Hakikatiki: Niko likizo. Siku 28 za kisheria, ulitaka nikuombe ruhusa?

Nesi wa Zamu: Kwangu ni kinyume. Hospitali ya misheni, mshahara wa kubana, ila sokoni wakijua nafanya kazi pale naongezewa nyanya. Usiku umeme ukikatika huoni mtu amekaa. Utakutana vipi na yule muuza nyanya kesho kama umemlaza mwanae njaa na homa?

Fundi Mitambo: Na hayo majina mazuri msiyaamini sana. Kampuni yetu mabango barabara nzima, mashemeji wananiita bosi. Kuangalia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi kumi na minne hakuna mchango, na asilimia 10 yangu wanakata kila mwezi! Tangu siku hiyo simu ya ofisi ikiita jioni, naigeuza uso chini.

Mzee wa Hesabu: Kimbia CMA, ile tume ya migogoro ya kazi, una siku 30 za kufungua shauri.

Wakili wa Kijiweni: Siku 30 ni za aliyeachishwa kazi, migogoro mingine ni 60. Na michango aripoti NSSF kwenyewe, wao ndio wanaomdai mwajiri.

Mzee wa Hesabu: Au aache kazi, afuge kuku.

Chuma Hakikatiki: Kuku tena! Wangapi wamelia humu kwa kuku?

Mama Pili: Tuacheni na kuku. Afisa, yule mama wa barafu aliishia wapi?

Afisa Mstaafu: Yupo palepale, alipata friza nyingine. Nikiwa na safari za Mbagala napita, nanunua barafu mbili. Ananipa chenji kama mteja yeyote. Sijui hanikumbuki, au ananikumbuka sana.