Ushauri: nitajuaje mwanangu ana akili ya aina gani?

MamaMigosi: Hamjambo wadau. Niko Kisumu, kijana wangu yuko Gredi ya 9. Darasani anavuta mkia, lakini redio iliyokufa akiishika inaimba. Tunachagua mkondo wa sekondari pevu na usingizi umenipaa. Akili ya mtoto hupimwaje?

FundiKibuye: Mlete likizoni ashike spana. Mimi hesabu zilinishinda shuleni, lakini pikipiki ikipita najua injini inaumwa wapi. Siku moja mteja alitoka Ahero akisukuma...

MwalimuMstaafu: Kipimo cha kwanza cha akili walikitunga Wafaransa Binet na Simon, Paris, 1905, wawatambue watoto wanaohitaji msaada shuleni. Hakikuwa cha kumpangia mtu maisha. Mwanasaikolojia Spearman alishasema 1904 kwamba kuna uwezo mmoja wa jumla wa akili. Mwanasaikolojia mwingine, Gardner, akaja 1983 na aina saba za akili. Wapimaji wengi wa akili hawajamkubali Gardner hadi leo.

NyarUsenge: Kwetu Usenge, Siaya, mwanasaikolojia Sternberg na wenzake walipima watoto wanazijuaje dawa za mitishamba, wakachapisha 2001. Waliozijua sana dawa walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa shule. Watoto walewale!

DadaMilimani: Simu ndizo zinaharibu watoto. Mnyang'anye kwanza.

Odijo_K: Mama, kuna mtu amekuletea kipimo? Jibu hilo.

MamaMigosi: Sawa. Kuna bwana anayepima kwa alama za vidole, kompyuta inasoma. Nimelipa nusu, ripoti nitapewa nikimaliza. Amesema kijana ni wa muziki, na nimeshamwambia mwalimu aandike mkondo wa Sanaa na Michezo. Msinihukumu. Shuleni hakuna aliyenisikiliza. Huyu alikaa akanisikiliza.

MwalimuMstaafu: Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa tumboni. Haijathibitika kwamba inaonyesha akili. Usimmalizie pesa.

MachoYaObunga: Huu uzi umetungwa. Kijana anafufua redio halafu eti ni wa muziki? Ngojeni, namba ya mpimaji inakuja. Huyu mama ndiye mpimaji.

DadaMilimani: Hata mimi nilishuku.

FundiKibuye: Mama, hiyo redio aliifanyaje?

MamaMigosi: Kapasita ilikuwa imevimba. Alitoa nyingine kwenye redio mbovu ya jirani, akalinganisha namba, akaiunga kwa risasi ya kuchomelea. Na namba ya yule bwana siweki hapa.

FundiKibuye: Huyo mtoto yupo. Muacheni mama.

MwalimuMstaafu: Swali moja. Akisoma kwa sauti inakuwaje?

MamaMigosi: ...Herufi zinamruka. Tangu Gredi ya 3. Ukimsomea swali, analijibu. Sikutaka aitwe mgonjwa.

MwalimuMstaafu: Si mgonjwa, mama. Mtoto anayejibu akisomewa amekwama kwenye kusoma, na mtihani wa kuandika hauwezi kuonyesha anachojua. Mpeleke EARC, kituo cha serikali cha kutathmini watoto. Kisumu kipo. Beba madaftari yake.

MachoYaObunga: Nimekuelewa sasa. Samahani, mama.

MamaMigosi: Jumatatu tunaenda. Nusu iliyobaki silipi. Ila Sanaa siifuti kwanza, ameshaanza kuipenda.

FundiKibuye: Likizo basi, mama. Spana iko.