Nikolaos Plastiras: shujaa wa Wagiriki, au damu ya wale Sita iko mikononi mwake?

Wakuu, Ugiriki ikitajwa tunakimbilia Socrates na Alexander. Leo nawaletea jenerali wa karne ya 20 ambaye Wagiriki wenyewe bado wanamgombania.

Plastiras alizaliwa 1883, kwao Karditsa. Mwaka 1922 alikuwa kanali vitani dhidi ya Waturuki huko Asia Ndogo (Uturuki ya leo). Jeshi la Ugiriki liliposambaratika Agosti ile, kikosi chake kilirudi nyuma kwa mpangilio, kikipigana huku raia wakikimbia. Wagiriki walimwita Mpanda Farasi Mweusi, Waturuki wakamwita Pilipili Manga. Mji wa Smirna (Izmir ya leo) ukateketea Septemba. Yeye na mwenzake Gonatas wakaanzisha mapinduzi kutoka visiwa vya Chios na Lesbos, Mfalme Constantine akaondoka.

Kisha yakaja ya 28 Novemba 1922. Mahakama ya kijeshi iliwashtaki watu 8 kwa uhaini, kwamba ndio walioleta maangamizi yale. Wawili walipata kifungo cha maisha. Sita walipelekwa Goudi, Athens, wakapigwa risasi saa chache tu baada ya hukumu: Gounaris, Stratos na Protopapadakis waliowahi kuwa mawaziri wakuu, mawaziri Baltatzis na Theotokis, na Jenerali Hatzianestis. Uingereza ikamwondoa balozi wake. Msimamo wangu: walikuwa viongozi wabovu, lakini kushindwa vita si uhaini. Plastiras aliyekuwa na uwezo wa kuwaokoa hakuwaokoa.

MCHANGIAJI: Mkuu, unahukumu ukiwa umekaa kivulini. Wakimbizi zaidi ya milioni moja wamemiminika nchini, wengine wanalala kwenye majumba ya michezo ya kuigiza, na askari wamezika wenzao njia nzima. Wasingepatikana wa kujibu, wangechinjana mitaani. Na huyu huyu aligawa ardhi kwa wakimbizi na wakulima wasio na kitu, halafu Januari 1924 akakabidhi madaraka kwa bunge lililochaguliwa. Nitajie wanajeshi wangapi wamefanya hivyo.

MLETA MADA: La ardhi nakubali, na la kukabidhi madaraka nakubali kwa moyo wote. Lakini Machi 1933, Venizelos, mwanasiasa aliyemuunga mkono, aliposhindwa uchaguzi, Plastiras alijaribu kupindua matokeo usiku ule ule. Jaribio likafeli, akaishia uhamishoni Ufaransa. Kwa hiyo utii wake kwa kura ulikuwa na mipaka. Kuhusu hasira za watu, ndiyo sababu mahakama zipo, ili hasira isiwe hakimu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Ugiriki iliwafutia hatia wale Sita, miaka 88 baadaye, kwa ombi la mjukuu wa Protopapadakis.

Kinachoniuma zaidi ni uzee wake. Alirudi 1944, akawa waziri mkuu mara tatu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alisimama kuwatetea wakomunisti walioshindwa, akitaka adhabu zao zilegezwe, wakati wengi walitaka kisasi. Nadhani alikuwa amejifunza. Hata hivyo, tarehe 30 Machi 1952, serikali yake ikiwa madarakani na mwenyewe akiwa mgonjwa, mkomunisti Nikos Beloyannis alipigwa risasi pamoja na wenzake watatu. Palepale Goudi.