Mnara wa kuzuia maharamia: mlango ulikuwa juu kweli, au picha inanidanganya?

Fundi_Pasua
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi mwashi hapa Moshi, Pasua, na kazi zangu nyingi ni za mawe. Kuna mteja anajenga nyumba ya wageni kule Tengeru. Anataka mnara wa duara bustanini kama aliouona Corsica, kisiwa cha Ufaransa, na kanitumia picha kwenye simu. Ukuta ni mpana chini, halafu unapungua kadiri unavyopanda. Chini hakuna mlango wala dirisha. Kuna tundu moja tu kubwa, kwa kukadiria kama mita tano kutoka ardhini. Mchoraji wake kaweka kwenye ramani mlango wa kioo chini na ngazi ya zege ndani.

Mteja anasema minara hiyo ilikuwa ya kuzuia maharamia wa baharini. Naomba kujua: mlango ulikuwa juu tangu mwanzo, au wa chini ulizibwa baadaye? Watu walipandaje? Na mbona pwani yetu sijasikia minara ya namna hii? Jumatatu tunakaa kikao, mchoraji ni kijana msomi, mimi naongea kwa timazi na mwiko tu.

Mlalahoi_Sakina
Haramia wa Tengeru atatokea wapi fundi, Ziwa Duluti? Mwambie afuge mbwa wawili, hela inayobaki akuongezee wewe.

BahariaMstaafu
Fundi, mlango ulikuwa juu tangu siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezunguka na meli za mizigo miaka mingi kabla ya kuhamia huku Ngaramtoni kulima maharage na kutetemeka kwa baridi. Ya Corsica nimeiona nikiwa baharini, ya Malta nimeigusa kwa mkono.

Mchoraji wenu anauona mnara kama ngome ndogo, ndiyo maana anapotea. Ndani walikaa walinzi wachache mno, wawili, watatu, wakizidi sana sita. Watu hao hawawezi kupigana na meli nzima ya maharamia na wala hawakutarajiwa kufanya hivyo. Kazi yao ilikuwa kuona tanga mapema na kuwasha moto juu ya paa: usiku miali, mchana moshi. Mnara wa jirani ukiona, nao unawasha wa kwake, hivyo hivyo mpaka pwani nzima ijue. Wanakijiji wanaswaga mifugo yao kwenda milimani. Hapo walinzi wameshamaliza kazi, kilichobaki ni wasifikiwe. Haramia hana muda wa kuzingira: alichofuata ni watu wa kwenda kuuza, akiwakosa anaondoka kabla hajakutwa na meli za kivita. Kwa hiyo mlango uko juu, ngazi ni ya mbao, ukishapanda unaivuta ndani. Maji ya mvua yanahifadhiwa kwenye tangi la mawe chini kabisa.

Msidhani ni hofu ya bure. Mwaka 1551 karibu watu wote wa kisiwa cha Gozo, jirani na Malta, maelfu kwa maelfu, walisombwa wakapelekwa utumwani Tripoli. Corsica wakati huo ilikuwa chini ya Genoa, dola ya mji wa Italia, na Genoa walianza kuijenga minara hii karne hiyo hiyo ya 16. Malta, mtawala wake Martin de Redin alijenga 13 kati ya 1658 na 1659, ya mraba, iliyopangwa ili kila mmoja uonekane kutoka kwa jirani yake. Uimara wake usiutilie shaka. Mwaka 1794 meli mbili za kivita za Waingereza ziliupiga kwa mizinga mnara wa Mortella, Corsica, zikashindwa. Ulitekwa baadaye kwa mashambulizi ya nchi kavu. Waingereza wakavutiwa, wakajenga ya mfano huo kwenye pwani yao kumzuia Napoleon.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume, na mimi hili huwa linanichekesha kwa uchungu. Wareno waliipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, halafu hao hao ndio waliojenga ngome. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza 1593, baada ya Mturuki Mir Ali Bey kuwasumbua pwani hii miaka ya 1580. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Wavamizi waliotupata hasa bila ulinzi ni Wasakalava wa Madagaska, waliokuja kwa makundi ya mitumbwi kukamata watu. Mji wa Kua, kisiwani Juani huko Mafia, waliushambulia mwanzoni mwa karne ya 19. Wakomoro walizungushia miji yao kuta, na Mutsamudu kule Nzwani ngome iko juu ya kilima mpaka leo.

Mama_Kibosho
Shikamoo baharia. Na huku mlimani tusisahauliwe jamani. Mangi Sina alikuwa na boma la kuta za mawe hapa Kibosho, Wajerumani chini ya kamanda wao Wissmann walilivamia 1891. Halafu kuna mapango waliyochimba wazee wetu wakati wa kuvamiwa: mdomo ni mwembamba, unaingia kwa kutambaa, na adui akijaribu anakuja mmoja mmoja kichwa kikitangulia. Mteja angechimbiwa pango la Kichagga wageni wangelipa zaidi. Ila mwenye hela hapingwi.

Fundi_Pasua
Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nimepata la kusema. Mzee, paa lilikuwa la nini kama moto unawashwa juu yake? Mbao?

BahariaMstaafu
Marahaba. Mbao hapana, vyumba vimefunikwa kwa kuba la mawe na chokaa, na moto unakaa juu ya sakafu ya mawe. Kule chini wanakopanua ukuta ndiko uzito ulipo, usimruhusu mtu akupunguzie unene. Ushauri wangu: mlango wa juu uwepo, wa kutumia wageni ufichwe nyuma, maana mtalii aliyekunywa bia tatu humpandishi ngazi ya kuvuta. Halafu kabla ya kuchimba msingi pandeni mahali mtazame. Kama miti ya jirani inaziba Meru na Kilimanjaro zote mbili, sogezeni eneo.

Fundi_Pasua
Upande wa nyuma kuna migomba, mlango utafichika vizuri. Kuba naliweza, nimewahi kujenga la kanisa. Habari ya mlango wa kioo namwachia mteja amweleze mchoraji mwenyewe.