Mmiliki wa kikoa kafichwa, nimpateje?

Swali
Wadau, naombeni msaada. Mtu kasajili kikoa (jina la tovuti) kinachofanana na chetu, kabadilisha herufi moja tu: penye "l" kaweka tarakimu 1. Wateja wetu wawili wameshaingiza nywila zao humo. Nikiangalia WHOIS, yaani orodha ya wamiliki wa vikoa, jina, anwani na simu vyote vimefichwa kwa sababu ya faragha. Analindwa nani hapa?

Jibu
Pole sana. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ikaruhusu taarifa hizo zifichwe. Mimi naitetea. Kabla ya hapo anwani yangu ilikuwa wazi, na msomaji aliyekasirishwa na makala yangu alinitumia picha ya geti langu. Geti la nyumbani, watoto wakiwa ndani!

Jibu
Kwa sasa achana na huyo mtu, mbane msajili, yaani kampuni iliyomuuzia kikoa. Barua pepe yake ya kupokea malalamiko haifichwi. Mtumie kiungo, picha ya ukurasa na tarehe. Tangu Aprili 2024 mkataba wa ICANN unamtaka achukue hatua akipata ushahidi wa wizi wa nywila. Jina la mmiliki liombe kupitia RDRS, huduma ya ICANN ya kuomba taarifa zilizofichwa, ila si wasajili wote waliojiunga.

Muulizaji
Nimetuma sasa hivi, asanteni. Habari ya geti imenigusa, sikuwa nimeliwaza hilo. Lakini GDPR inalinda watu, si makampuni. Mbona makampuni nayo yanafichwa?

Jibu
Kwa sababu wasajili wengi hawatenganishi. Kuficha wote ni rahisi kuliko kuchambua.