Kamati ya ligi yetu ya wifoboli imejifungia besimenti na kutuuza: ada juu, mpira wa msasa ruksa, mechi Jumamosi asubuhi

Wakuu habari za saa hizi. Natanguliza samahani, uzi utakuwa mrefu, nimetoka shifti ya usiku na nina hasira. Mods naomba msiuunganishe na ule wa tetesi za usajili maana hili sio la usajili, hili ni la watu wanne kujifungia besimenti mwezi wa kwanza, nje theluji kibao, wanakula piza na kubadilisha ligi yenye wachezaji zaidi ya thelathini, watu wazima, bila kumuuliza mtu.

Kwa wasiojua, nipo Columbus, Ohio. Kuna ligi ya mtaani ya wifoboli, timu saba, mimi na Wabongo wengine wawili na Mkenya mmoja na jirani yetu mzee wa Kimarekani tumecheza misimu mitatu sasa. Wifoboli ni mtoto wa besiboli, mpira wa plastiki mwepesi una matundu manane marefu upande mmoja tu, upande wa pili mzima, na gongo jembamba la plastiki la njano (mimi Simba damu, mnaweza kuelewa nilivyoteseka kulishika). Hata kukimbia hukimbii, kwetu ukipiga mpira ukavuka mstari fulani unahesabiwa umefika beisi (kile kituo cha mkimbiaji) na unaacha pale mkimbiaji wa kufikirika. Sisi tunamwita mkimbiaji hewa. Wabongo wote mnajua tulikolitoa hilo jina.

Sasa sikilizeni.

Msimu uliisha mwezi wa kumi, tukaagana vizuri, tukakunja nyavu, kila mtu akaenda kulala na baridi yake. Wiki mbili zilizopita nipo kazini, nyumba ya wazee, saa tisa usiku, nimemgeuza babu wangu upande wa pili nimekaa kidogo, simu inalia, grupu la ligi. "Mabadiliko ya msimu mpya." Hakuna salamu wala nini. Ada inatoka dola 45 inakuwa 90. Mechi zinatoka Jumapili jioni zinaenda Jumamosi saa tatu asubuhi. Magongo ya kaboni ruksa. Na mpira uliokwaruzwa ruksa. Halafu mwisho kabisa kakidole gumba.

Kapteni wetu anasema kikao alikisikia baada ya kuisha, kumbe walitumiana meseji wao kwa wao, na hao wanne ndio hao hao wenye warushaji wa kasi, sasa hapo demokrasia iko wapi?

Niongelee huo mpira kwanza maana ndio unaoniuma kuliko hela. Huu mchezo ulianza 1953, mji wa Fairfield, Connecticut. Mzee mmoja anaitwa David Mullany alikuwa na kijana wa miaka 12 anacheza uani na rafiki yake kwa mpira wa gofu wa plastiki na mpini wa ufagio, mtoto anajitahidi kurusha mpira unaopinda mpaka mkono unamuuma. Mzee akachukua viplastiki vya duara kama mpira, akakaa mezani na wembe anakata matundu ya kila aina, mingine haikufaa kitu, ule wa matundu manane upande mmoja ndio ukapinda wenyewe. Yaani mpira mzima umetengenezwa ili mtoto asiye na nguvu aweze kuupindisha bila kuvunja bega lake wala kioo cha jirani. Hata jina lenyewe la wifoboli limetoka kwenye neno lao la mtaani la kupiga hewa ukakosa.

Sasa mpira mpya kutoka kwenye boksi unapinda vya kutosha. Ila ukiukwaruza kwa msasa au kisu upande ule mzima, unashika upepo kama una akili yake. Nusu fainali mwaka jana nilisimama kupiga, jamaa karusha mpira unakuja mgongoni kwangu kabisa, mimi nimeruka pembeni kama nacheza rede, nageuka nyuma nasikia "pap!" umegonga katikati ya fremu ya mabomba inayosimama nyuma ya mpigaji. Straiki, yaani mpira halali nilioshindwa kuupiga. Washkaji wakanicheka mpaka leo wanacheka. Mechi ilipoisha nikaenda kuuokota ule mpira, nikaupitisha kidole, wakuu, ulikuwa kama kisigino chenye magaga. Mistari ya kisu imekatana kwenda na kurudi, na plastiki imeota vinyweleo. Nikampelekea kamishna, mkuu wa ligi yetu, akaugeuza geuza, akasema "umechakaa tu kwenye lami". Lami gani tunacheza kwenye majani!

Wakati ule ilikuwa ni kosa na alilificha. Leo badala ya kumwadhibu mtu, kosa limefanywa sheria. Na kwetu hamna kikomo cha kasi, mtu anarusha kutoka futi 42, mpira wa magaga, mbele amesimama mzee wa miaka 60 anayekuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya maji. Atapiga nini? Si atakuwa anapunga tu.

Watu wa kamati wamejibu kwenye grupu kwamba ligi za ushindani zinaruhusu, na kwamba hata gongo la kaboni ndio maendeleo. Sawa, zipo ligi zinaruhusu, sibishi. Wale wanacheza kutafuta ubingwa, wanafanya mazoezi, wanasafiri majimbo. Sisi ni ndondo jamani! Gongo la njano unalipata dukani kwa hela ya chakula cha mchana, la kaboni linavuka dola mia. Kamishna wetu tatizo anaangalia sana video za MLW, ile ligi maarufu ya wifoboli ya Brighton, Michigan, anaona jezi na uzio mzuri na takwimu za kila mchezaji, akitoka hapo anataka na sisi tufanane nao kufikia mwezi wa tano. Wale nao walianza uani wakiwa madogo. Anza na uani basi ndugu yangu.

Haya hela. Mwaka jana tulichangishwa dola 10 kila mtu nje ya ada, tukaambiwa za uzio mpya. Uzio uko wapi? Msimu mzima umeisha na zile nyavu za machungwa za mafundi wa barabara zimefungwa kwa tai za plastiki, upepo ukija zinalala, mpira ukivuka mnabishana dakika kumi kama umepita juu au chini. Nimeuliza kistaarabu hesabu zikoje, nimejibiwa "tutatoa ripoti". Huu mwezi wa pili. Risiti hata moja hamna, halafu mnadabo ada. Ningekuwa na namba ya CAG ningemtumia huku huku Ohio.

Hilo la Jumamosi saa tatu wala sitaki kuliongelea sana maana nitatukana. Wote kwenye grupu wanajua timu yetu wanne kati ya watano tunafanya shifti za usiku wikiendi. Natoka kazini saa moja asubuhi, mpaka nifike, nioge, nile, saa tatu niwe nimesimama juani naruka mipira ya msasa? Jumapili jioni ilikuwa inatufaa wote na uwanja uko wazi. Mkenya wetu anasema hii ni kutupunguza kijanja bila kututoa. Mwanzo nilimwambia anazidisha, sasa hivi sijui tena.

EDIT: Nimeona mnaoniuliza kwanini mtu mzima na familia nalia na mpira wa watoto. Kaeni huku kwenye baridi miezi mitano, kazi nyumbani kazi nyumbani, halafu kuwe na saa mbili kwa wiki unacheka na watu mpaka mbavu zinauma. Mkishakaa ndio mje tuongee.

EDIT 2: Kamishna amesoma (kuna mtu amemtafsiria, namjua) na ameniandikia pembeni eti nimemchafua. Sijakutaja jina kaka. Weka hesabu za uzio kwenye grupu, kila mechi ifunguliwe mipira mipya kwenye boksi mbele ya makapteni wote wawili, Jumapili yetu irudi, nitaufuta huu uzi mwenyewe. Tofauti na hapo sisi watano hatulipi hiyo 90.

Na ile fremu ya mabomba tunayoitumia kuhesabia straiki, ambayo iko gereji kwako tangu mwezi wa kumi, niliikata na kuiunga mimi kwa mkono wangu na kwa hela yangu. Jumamosi nakuja kuichukua. Saa tatu asubuhi.