Mrejesho: Kifungua kinywa cha Kusini, safari ya Chattanooga

Wakuu, niliuliza hapa kama familia isiyokula nguruwe inaweza kula kifungua kinywa cha Kusini mwa Marekani, tukitoka Atlanta kwenda kutembea Chattanooga, mji wa jimbo la Tennessee. Ahsanteni sana kwa majibu. Tumeenda na tumerudi salama.

Aliyesema tuwahi, ulituokoa. Tulipokuwa tunatoka mgahawani, foleni ilishafika kwenye maegesho. Na wewe uliyesema niulize biskuti zimekandwa kwa mafuta gani, Mungu akubariki. Mhudumu aliingia jikoni, akarudi na jibu: siagi na mtindi. Biskuti za huko ni vimkate vinene, ukikipasua mvuke unatoka. Watoto walivimaliza kwa asali. Grits, yaani uji mzito wa mahindi meupe, mama mkwe alitia siagi na chumvi, akasema huu ni ugali uliokatishwa njiani. Bakuli lenyewe alilikomba.

Kilichoshindikana ni ule mchuzi mweupe wa kumwagia biskuti. Una soseji ya nguruwe ndani na hawakuwa na mwingine. Soseji za bata mzinga zipo, ila zinakaangwa bamba moja na bekoni, yaani nyama ya nguruwe, tukaziacha. Mayai walikubali kutukaangia kwenye kikaango cha peke yake.

Mkiagiza chai semeni kabisa mnataka ya moto, la sivyo mtaletewa ya barafu yenye sukari ya kufa mtu.

Baadaye tulivuka daraja la Walnut Street kwa miguu, magari hayapiti pale. Kwa shibe ile, tulihitaji.