Tupeane uzoefu: vidonge vya majira, namna vinavyofanya kazi na ubishi wake

Mleta Mada
Wakuu, heshima kwenu. Ukigusa vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba, watu wanaruka moja kwa moja kwenye halali na haramu, na anayebisha kwa sauti kubwa ukimwuliza vile vya kahawia kazi yake nini, kimya. Wahudumu wa kliniki, wafamasia, wanafunzi wa dini, karibuni. Zile za "shoga yangu alimeza akapata hiki" tuziweke pembeni. Leteni kipimo, saa na sababu.

Dirisha la Dawa
Tushike pakiti mkononi kwanza. Ya kawaida ina vidonge 28. Vya homoni ni 21, kila kimoja kina levonojestreli miligramu 0.15 na ethinilestradioli mikrogramu 30. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu, vimewekwa ili mtu asipoteze mazoea ya kumeza kila siku.

Homoni zikiwa kwenye damu kwa kiwango kilekile, tezi iliyo chini ya ubongo haitoi ile amri ya kupevusha yai. Yai halitoki, basi. Juu ya hapo ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito na mbegu zinakwama. Ukuta wa mji wa mimba nao unabaki mwembamba, na hapa ndipo ugomvi wa dini unapoanzia, kwa wanaohofu yai lililorutubishwa litakosa pa kujishikiza; nawaachia wenyewe.

Watu hawaambiwi hili: ovari zinahitaji siku 7 mfululizo za homoni ndipo zitulie, na siku 7 za kahawia ndiyo mwisho wa kuziachia. Ndani ya siku hizo vifuko vya mayai vinaanza kukua upya. Sasa mtu kamaliza vya kahawia Ijumaa, pakiti mpya kaipata Jumanne. Siku 7 zimekuwa 10. Anasema "nilisahau vitatu tu", kumbe amesahau mahali pabaya kuliko pote.

Nesi wa Zamu
Naongezea hapo. Akisahau kimoja au viwili vya homoni, ameze kimoja mara akumbukapo na aendelee na ratiba, hata kama siku hiyo itabidi ameze viwili. Vikifika vitatu, ameze kimoja sasa hivi, aendelee, na atumie kondomu siku 7. Vikiangukia wiki ya tatu, vya kahawia avitupe, aunganishe na pakiti mpya. Vikiwa vya wiki ya kwanza na amekutana na mwenzake ndani ya siku 5 zilizopita, hapo P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, inahusika.

Ametapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza? Ameze kingine.

Halafu dawa. Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa, hizi zinalifanya ini livunje homoni haraka, kwa hiyo atafutiwe njia nyingine. Amoksilini haina neno, msiwatishe watu bure.

Na tafadhali, presha ipimwe kabla ya pakiti ya kwanza. Ikiwa 140/90 au zaidi, hivi vya homoni mbili si vyake. Vivyo hivyo mvutaji sigara aliyepita miaka 35, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, na aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa. Anayemeza akipata kigimbi kimoja kimevimba na kinauma, au kifua kinabana ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo.

Mgeni Jioni
Kwa hiyo damu ya wakati wa vya kahawia si hedhi?

Dirisha la Dawa
Si hedhi mkuu, maana yai halikutoka. Ukuta unabomoka kwa sababu homoni zimekatwa. Mtu anaweza kuunganisha pakiti bila kupumzika na hakuna uchafu wowote unaobaki tumboni.

Msoma Fiqhi
Upande wa Uislamu, mlango mkubwa ni hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume: walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, huku Qur'ani ikiteremka, na hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wakaipima dawa ya kuzuia kwa muda kwa mizani hiyo, kwa sharti la wanandoa kuridhiana na kusiwe na madhara. Kukata kizazi moja kwa moja bila dharura ni suala jingine.

Katekista Mstaafu
Kwetu Wakatoliki wengi wanadhani tatizo ni kutoa mimba tu. Sivyo. Waraka wa Papa Paulo VI wa tarehe 25 Julai 1968 unakataa kulitenganisha tendo la ndoa na uzazi kwa makusudi. Kwa hiyo hata kidonge kinachozuia yai tu, hakikubaliki. Lakini waraka huohuo unaruhusu dawa inayotibu ugonjwa hata ikizuia uzazi, mradi uzuiaji wenyewe usiwe ndio lengo. Waanglikana walilegeza tangu mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth mwaka 1930.

Dirisha la Dawa
Na P2, kabla haijaitwa dawa ya kutoa mimba: ni levonojestreli miligramu 1.5, sawa na ya vidonge kumi vya pakiti. Inachelewesha yai kutoka. Ikishapita ile amri ya kupevusha, haifanyi kitu cha maana, na mimba iliyokwishatunga haiitoi. Ndiyo maana saa zina uzito: mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 72, na mwisho kabisa zile siku 5.

Mpekua Historia
Maadili si dini peke yake. Majaribio makubwa ya kidonge yalianza Puerto Rico mwaka 1956, mtaa wa Río Piedras. Wanawake waliambiwa kinazuia mimba, hawakuambiwa kuwa ni jaribio. Kidonge kile kilikuwa na estrojeni mikrogramu 150. Dkt. Edris Rice-Wray, aliyesimamia majaribio hayo, aliripoti kuwa asilimia 17 walipata madhara, wakubwa wakapuuza. Marekani ikakiidhinisha mwaka 1960. Ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi, ambayo hakuna anayeisoma, ilitokana na kelele za wanawake kwenye vikao vya Seneti mwaka 1970.

Mgeni Jioni
Swali la mwisho. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu, vidonge vyake viko 35 na vyote rangi moja. Kachelewa kumeza kwa muda wa saa nne.

Nesi wa Zamu
Hivyo ni vya homoni moja, levonojestreli mikrogramu 30. Havina mapumziko na mwisho wa kuchelewa ni saa 3. Ameze sasa, kesho arudi saa yake ya kawaida, kondomu kwa siku mbili. Ila kama mtoto ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi, saa hiyo moja iliyozidi isimkoseshe usingizi.